Pendulamu, mbegu, hamira au rula: ulinganisho wa majaribio manne kwa maonyesho ya sayansi ya wanafunzi

Majaribio manne yamewekwa hapa bega kwa bega kwa ajili ya mwanafunzi ambaye bado hajaamua atapeleka nini kwenye maonyesho ya sayansi, na kwa ajili ya mwalimu au mzazi anayemsimamia. La kwanza ni la pendulamu, yaani kizito kilichoning'inizwa kwenye uzi, ambapo hupimwa muda wa kubembea kwake. La pili ni la kuotesha mbegu katika maji yenye viwango tofauti vya chumvi. La tatu ni la hamira na sukari, ambapo hupimwa gesi inayotoka katika halijoto mbalimbali. La nne ni la rula inayoachiwa ianguke katikati ya vidole vya mtu, ili kujua anawahi kiasi gani kuitikia anachokiona. Nimeyachagua haya kwa sababu yote yanawezekana kwa vifaa vya kawaida, yote hutoa namba, na kila moja lina ugumu wake ambao mtu huugundua akiwa ameshaanza kazi, wakati ambapo kubadili mpango ni shida.

Sikuingiza volkano ya udongo inayotokota kwa magadi na siki, wala mifano ya sayari iliyopakwa rangi. Kazi hizo zinaonyesha jambo linalojulikana, hazijibu swali. Mwanafunzi anayependa volkano anaweza kuigeuza kuwa jaribio kwa kubadilisha kiasi cha siki na kupima gesi inayotoka, lakini akifika hapo atakuwa anafanya kazi inayokaribiana sana na ile ya hamira.

Kigezo cha kuchagulia

Wanafunzi wengi huchagua jaribio kwa mvuto wa mada yake, na mvuto si jambo la kudharauliwa, kwa kuwa kazi ya wiki kadhaa humshinda mtu asiyeipenda. Hata hivyo, kinacholiangusha jaribio mbele ya majaji mara nyingi ni namba zake: tofauti iliyopatikana kati ya kundi moja na jingine ni ndogo kuliko makosa ya upimaji wenyewe, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama kile kilichobadilishwa kilikuwa na athari yoyote. Kwa sababu hiyo nitayatazama majaribio yote manne kwa swali moja kabla ya mengine: tofauti inayotafutwa ni kubwa kiasi gani, na je, kifaa, jicho na mkono wa mwanafunzi vinaweza kukosea kiasi gani?

Pendulamu na rula: yote mawili hupima muda

Katika jaribio la pendulamu, kuchelewa kwa mkono wa binadamu ndiko chanzo kikubwa cha makosa. Katika jaribio la rula, kuchelewa hukohuko ndiko kunakochunguzwa. Mtu anayebonyeza kipima muda baada ya kuona kizito kimefika mahali fulani huchelewa kwa takribani sekunde 0.2. Sasa tazama namba za pendulamu yenyewe. Ikiwa na urefu wa mita 1, ukipima kuanzia pale uzi unaposhikiliwa hadi katikati ya kizito, hukamilisha mbembeo mmoja wa kwenda na kurudi kwa sekunde 2.01. Ikifupishwa hadi sentimita 80 hutumia sekunde 1.79. Tofauti kati ya hizo mbili ni sekunde 0.2 na kidogo, karibu sawa na kuchelewa kwa kidole, na mwanafunzi anayepima mbembeo mmoja mmoja atapata namba zinazogongana ovyo.

Dawa yake ni rahisi na inapendeza: apime mibembeo 20 mfululizo, kisha agawanye kwa 20. Kuchelewa kwa sekunde 0.2 kunagawanywa pia, na kosa kwa kila mbembeo linabaki sekunde 0.01. Tofauti iliyokuwa imefunikwa inajitokeza waziwazi bila kununua kifaa chochote. Hii ndiyo sababu naipa pendulamu nafasi ya juu kwa mwanafunzi anayeanza, kwani ndani ya alasiri moja anajionea kwa macho yake jinsi mpango mzuri wa upimaji unavyoshinda udhaifu wa mpimaji.

Rula haina njia ya mkato ya namna hiyo. Kifaa chenyewe ni sahihi mno: rula ikianguka sentimita 15 kabla ya kushikwa, muda uliopita ni sekunde 0.175; ikianguka sentimita 20, ni sekunde 0.20, na kukosea nusu sentimita katika kusoma kunaleta kosa la takribani sekunde 0.003 tu. Tatizo ni kwamba mtu yuleyule, akiwa ameketi palepale, atashika rula katika sentimita 14 mara moja na katika sentimita 19 mara inayofuata. Mtawanyiko huo umo ndani ya mtu, haumo kwenye rula, na hauwezi kupunguzwa kwa ujanja wa kupima. Unapunguzwa kwa kurudia mara nyingi na kwa kushirikisha watu wengi. Anayechagua rula na ajue kwamba kazi yake kubwa itakuwa ya kuratibu watu.

Kuna tahadhari mbili nyingine ambazo hazina budi kupangwa mapema. Kwanza, anayeachia rula abadilishe muda wa kusubiri kila mara, kwa mfano kati ya sekunde 1 na 5, la sivyo mshikaji atazoea mapigo na kuanza kubahatisha. Pili, watu huboreka kwa mazoezi. Ikiwa swali ni kama kuhesabu kinyumenyume kwa sauti kunamchelewesha mtu, na washiriki wote wakaanza katika hali ya utulivu na kumalizia na hali ya kuhesabu, basi faida ya mazoezi itaangukia upande mmoja na kuficha sehemu ya athari. Nusu ya washiriki waanze na utulivu, nusu nyingine waanze na kuhesabu, na mgawanyo ufanywe kwa kura. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kila mshiriki hulinganishwa na nafsi yake mwenyewe, kwa hiyo tofauti za umri, michezo anayocheza au wepesi wa kuzaliwa hazivurugi matokeo.

Udhaifu wa pendulamu uko kwingine. Jibu lake linajulikana tangu karne ya 17; Christiaan Huygens alikwisha kubuni saa ya pendulamu mwaka 1656. Jaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, mwanafunzi amechunguza nini ambacho hakipo katika kitabu cha fizikia. Ushauri wangu ni kwamba urefu utumike kama hatua ya mazoezi, kisha swali lenyewe liwe juu ya pembe ya kuanzia. Kanuni ya darasani husema muda wa mbembeo hautegemei pembe, lakini hilo ni kweli kwa pembe ndogo tu. Ikianza katika nyuzi 30, pendulamu huchelewa kwa asilimia 1.7 kuliko kanuni inavyotabiri. Katika nyuzi 60 huchelewa kwa takribani asilimia 7.

Hapo ndipo mpango unakuwa na utamu wake. Kwa pendulamu ya mita 1, asilimia 7 ni karibu sekunde 0.15 kwa kila mbembeo, nayo inapimika. Lakini ujanja wa mibembeo 20 haufai tena, kwa sababu hewa huipunguza pembe kadiri kizito kinavyobembea, na kufikia mbembeo wa mwisho pembe si ile iliyokusudiwa. Mwanafunzi inabidi apime mibembeo michache, labda 5, ambapo kosa la kidole linarudi kuwa sekunde 0.04 kwa mbembeo. Hilo bado ni dogo kuliko 0.15 ya nyuzi 60, lakini ni kubwa kuliko takribani 0.035 ya nyuzi 30. Kwa hiyo pembe kubwa itaonekana, pembe ya kati itajificha, na mwanafunzi atalazimika kurudia mara nyingi au kurekodi video kwa simu na kuhesabu picha. Simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde humpa hatua za sekunde 0.033, na ile ya picha 60 hatua za nusu ya hizo. Mwanafunzi anayeweza kueleza mvutano huu kati ya kupima mibembeo mingi na kuihifadhi pembe ameshaingia katika fikra ya kisayansi kikamilifu, hata kama kifaa chake ni uzi na jiwe.

Mbegu: jaribio linalopendwa, na hesabu inayosahauliwa

Kuotesha mbegu ndilo chaguo la wengi, na lina sifa zake: halina hatari, vifaa vyake ni karatasi laini na sahani zenye vifuniko, na swali lake lina maana kubwa, kwani chumvi katika udongo huathiri mazao kila mahali palipo na umwagiliaji usio na mifereji mizuri ya kutoa maji. Utaratibu wake unaeleweka pia. Mbegu huanza kuota kwa kufyonza maji, na maji yenye chumvi nyingi ni vigumu kufyonzwa, kwa hiyo uotaji huchelewa au hukoma.

Lakini mbegu moja si sawa na nyingine. Tuseme mbegu zako, katika maji safi, huota 8 kati ya 10. Ukiweka mbegu 10 tu katika sahani, ni kawaida kabisa kupata 6 zilizoota, au 7, au zote 10, bila sababu nyingine ila bahati. Mwanafunzi anayeona 9 katika maji safi na 7 katika maji ya chumvi, kisha akaandika kwamba chumvi imezuia uotaji, hajathibitisha chochote. Akitumia mbegu 50 kwa kila kiwango, bahati hiyohiyo itampa mara nyingi kati ya 34 na 46, yaani asilimia 68 hadi 92. Bado ni mtawanyiko mpana, lakini sasa kiwango cha chumvi kinachoshusha uotaji hadi asilimia 40 hakitachanganywa na bahati.

Kwa viwango vinne, kwa mfano gramu 0, 5, 10 na 20 za chumvi kwa kila lita ya maji, hesabu hiyo inadai mbegu 200. Tena zisiwekwe 50 katika sahani moja, maana sahani iliyokaa karibu na dirisha au iliyoingiwa na kuvu itaharibu kundi zima. Sahani tano zenye mbegu 10 kila moja ni bora, na nafasi za sahani zote 20 mezani zipangwe kwa kura. Mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza kuanzia mwaka 1919, alitetea jambo hili kwa nguvu: kupanga kwa kura hakumaanishi uvivu wa kupanga, bali ndiyo kinga dhidi ya tofauti ambazo mpangaji hajui kama zipo.

Mambo madogo mawili huamua kama jaribio hili litafaulu. La kwanza ni kuamua mapema mbegu iliyoota ni ipi. Wanasayansi wengi huhesabu mbegu kuwa imeota pale mzizi unapochomoza kwa milimita 2. Kipimo hicho kiandikwe kwenye daftari kabla ya mbegu ya kwanza kulowekwa, kwa kuwa jicho lenye matumaini huona mzizi mahali palipo na ufa wa ganda. La pili ni vifuniko. Maji yakikauka chumvi inabaki, hivyo sahani iliyoachwa wazi kwa siku nne itakuwa na chumvi kali kuliko ile iliyoandikwa kwenye lebo yake, na mwanafunzi atakuwa anapima kitu asichokijua.

Hamira: matokeo makubwa, mitego mingi

Kwa kigezo cha ukubwa wa tofauti, hamira inayashinda mengine yote. Katika maji ya nyuzi joto 20 hufanya kazi polepole. Katika nyuzi 35 hadi 40 hutoa gesi kwa wingi. Ikipita nyuzi 60 hufa. Hakuna haja ya takwimu ngumu kuiona tofauti hiyo. Kama ningetazama hilo peke yake, ningemwambia kila mwanafunzi achague hamira.

Mitego yake iko katika kupima gesi. Njia inayozoeleka ni kuvisha puto kwenye mdomo wa chupa na kuzungusha uzi kupima mzingo wake. Puto lenye mzingo wa sentimita 24 lina ujazo wa takribani mililita 230, na lenye mzingo wa sentimita 30 lina takribani mililita 460. Mzingo umeongezeka kwa robo. Gesi imeongezeka karibu mara mbili. Mwanafunzi anayechora grafu ya mzingo bila kuugeuza kuwa ujazo atakuwa ameipunguza tofauti yake mwenyewe kwa mikono yake. Isitoshe, mpira mpya hukataa kutanuka mwanzoni na kulegea baadaye. Kwa hiyo ni bora kuiongoza gesi kwa mrija hadi kwenye bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, ambalo kisukumio chake hakikwami, au kwenye silinda yenye alama iliyojazwa maji na kugeuzwa juu chini, huku akikumbuka kwamba maji huyeyusha sehemu ya hewa ya ukaa na kipimo kitapungua kidogo.

Mtego wa pili ni wa ndani zaidi, na ndio unaonifanya niliheshimu jaribio hili. Hewa iliyomo ndani ya chupa hutanuka inapopashwa. Chupa yenye mililita 300 za hewa ikitolewa katika nyuzi 20 na kuwekwa kwenye maji ya nyuzi 50 itasukuma nje takribani mililita 30, hata kama haina hamira hata chembe. Kwa hiyo kila halijoto inahitaji chupa ya kulinganishia, yenye maji na sukari bila hamira, na ujazo wake utolewe kwenye ule wa chupa yenye hamira. Mara nyingi kundi la kulinganishia huwekwa kwa sababu tu mwalimu amesema liwepo. Hapa lina kazi inayoonekana, na jaji akiuliza lilikuwa la nini, mwanafunzi ana jibu lenye namba.

Ili kupanga vyombo, inafaa kujua pia kwamba gramu 1 ya sukari ikichachushwa yote hutoa takribani mililita 280 za gesi katika joto la chumbani. Gramu 5 zingeweza kuzidi lita 1.4. Ndiyo maana chupa isifungwe kwa kifuniko kigumu hata mara moja, na chupa za kioo ziepukwe.

Muda, ukihesabiwa kutoka siku ya maonyesho kurudi nyuma

Pendulamu hukamilisha mzunguko mzima wa vipimo kwa alasiri moja, na kosa likigunduliwa leo hurekebishwa kesho. Hamira huhitaji saa moja au mbili kwa kila mzunguko, pamoja na uvumilivu wa kushikilia halijoto isishuke, kazi ambayo ni ngumu zaidi katika nyuzi 50 kuliko katika nyuzi 30. Mbegu hazibembelezwi: mzunguko mmoja ni kama wiki moja, na mpango wenye jaribio dogo la kutangulia pamoja na mizunguko miwili kamili unakula wiki tatu hadi nne kabla ya kuandika chochote. Rula hupimwa kwa siku chache, ila kibali cha kupima watu huja polepole, na kazi haiwezi kuanza kabla ya kibali.

Usalama na kanuni

Kanuni hutofautiana kati ya maonyesho na maonyesho, kwa hiyo zisomwe kabla ya kuchagua, si baada ya kumaliza. Mfano mzuri wa ukali wake ni mashindano ya kimataifa ya ISEF, yaliyoanza mwaka 1950 nchini Marekani kama maonyesho ya kitaifa. Humo, jaribio linalohusisha watu lazima likaguliwe na kamati kabla ya mshiriki wa kwanza kupimwa, na kuotesha bakteria nyumbani hakuruhusiwi. Hamira ya kuokea haimo katika katazo hilo, nayo ni faida ya wazi kwa anayependa viumbe vidogo. Kwenye meza za maonyesho hayo mimea hai, udongo na vimiminika haviwekwi, kwa hiyo mwanafunzi wa mbegu au wa hamira ajipange kupiga picha nzuri, zenye rula pembeni kuonyesha ukubwa, tangu siku ya kwanza.

Kwa jaribio la rula, hata kama shule haina kamati, idhini ya mshiriki na ya mzazi au mlezi wake ichukuliwe kwa maandishi, majina yasiandikwe kwenye majedwali bali herufi au namba za siri, na mshiriki aelezwe kwamba anaweza kuacha wakati wowote. Maswali yanayomtaka mtu akose usingizi au anywe kitu chochote yaachwe kabisa.

Grafu ambayo kila jaribio linaidai

Pendulamu ya urefu humpa mwanafunzi nafasi nzuri ya kujifunza kugeuza data. Akichora muda dhidi ya urefu atapata mstari uliopinda. Akichora muda uliozidishwa kwa wenyewe dhidi ya urefu atapata mstari ulionyooka, wenye mteremko wa karibu 4.0, ambao unamwezesha kukadiria nguvu ya mvutano wa dunia mahali alipo. Kwa mwanafunzi wa sekondari hilo ni jambo kubwa.

Hamira hudai mstari wa gesi dhidi ya muda kwa kila halijoto, kisha mteremko wa kila mstari uchorwe dhidi ya halijoto. Mbegu hudai asilimia kwa kila kiwango, zikiwa na alama za juu na chini zinazoonyesha sahani iliyofanya vizuri zaidi na iliyofanya vibaya zaidi. Rula hudai wastani wa tofauti ya kila mtu, na hapa wengi hukosea kwa kuchora wastani mbili za kundi zima na kupoteza ile faida ya kumlinganisha mtu na nafsi yake.

Nani achague lipi

Mwenye wiki mbili tu, au anayefanya kazi peke yake, achukue pendulamu, aanze na urefu na ahamie kwenye pembe. Sioni aibu yoyote katika kifaa chake rahisi. Naona afadhali uzi na jiwe vyenye kosa linalojulikana kuliko mtambo wenye namba zisizoaminika. Mwenye mwezi mzima, sehemu tulivu isiyoguswa na watu, na moyo wa kuhesabu kila siku saa ileile, achukue mbegu, lakini asikubali kushuka chini ya mbegu 50 kwa kiwango. Akiona hazimtoshi, apunguze viwango vya chumvi na kuacha idadi ilivyo: viwango vitatu vilivyopimwa vizuri vina thamani kuliko sita vyenye mbegu kumi kumi.

Kundi la wanafunzi wawili au watatu linafaa zaidi kwa hamira, maana mmoja hutunza halijoto, mwingine husoma ujazo na wa tatu huandika, na mtu mmoja akijaribu kuyafanya yote matatu atakosa usomaji. Rula ningempa mwanafunzi mwenye utaratibu, anayeweza kuongea na watu kwa heshima na kutunza siri zao, na ambaye ana shule au klabu itakayompatia washiriki 20 au zaidi.

Yeyote atakayechagua lolote kati ya haya afanye jaribio dogo la kutangulia kabla ya kuandika jina la mradi kwenye fomu. Achukue viwango viwili tu vilivyo mbali sana, kama sentimita 20 na mita 1 za uzi, maji safi na gramu 20 za chumvi, nyuzi 20 na 40 za joto, utulivu na kuhesabu kinyumenyume, na apime kila kimoja mara tano. Kwa mbegu, mara tano maana yake ni sahani tano. Kisha aziandike namba hizo kumi katika safu mbili. Safu hizo zikitengana bila kuingiliana, mpango uendelee na viwango vya katikati viongezwe. Zikiingiliana, atafute kwanza kama kosa liko kwenye upimaji na linaweza kupunguzwa. Likikataa kupungua, abadilishe swali wakati siku zingali nyingi.